Akili Nayo Huugua

(Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne)

Katika gazeti letu la shule tumekwisha kusoma mengi juu ya afya ya mwili. Tumefundishwa kuchemsha maji ya kunywa, kulala ndani ya chandarua, kunawa mikono, na kuvaa viatu ili kujikinga na minyoo. Mafundisho hayo ni mema, na kila mmoja wetu ayajua. Lakini mtu si mwili peke yake. Anayo akili pia, nayo akili huweza kuugua kama tumbo linavyougua, na huweza kupona kama tumbo linavyopona. Habari za ugonjwa huu hazisemwi sana mabwenini wala majumbani kwetu, na kwa kuwa hazisemwi, watu wengi huumia kimya kimya. Kwa hiyo nawaomba wanafunzi wenzangu, walimu wetu na wazazi mnivumilie, nieleze ugonjwa huu ni nini, waletwa na nini, na jinsi tuwezavyo kujikinga nao kila siku.

MAANA YA AFYA YA AKILI

Shirika la Afya Ulimwenguni lilipoanza kazi mwaka 1948, katiba yake ilieleza kwamba afya ni mtu kuwa mzima kimwili, kiakili, na katika maisha yake pamoja na wenzake, wala si kukosa maradhi tu. Basi mwenye afya ya akili si mtu asiyepata huzuni wala hofu. Mtu wa namna hiyo hayupo duniani. Mwenye afya ya akili ni yule awezaye kustahimili taabu za kila siku, kufanya kazi yake, kujifunza, na kukaa vema na watu.

Yafaa tutofautishe huzuni na ugonjwa. Aliyefiwa na bibi yake hulia, na kulia huko ni haki yake. Mwanafunzi aliye kesho na mtihani moyo humdunda, na jambo hilo ni la kawaida. Lakini huzuni au hofu ikikaa kila siku kwa muda wa wiki mbili au zaidi, ikamzuia mtu kula, kulala, kusoma, au kukaa na wenzake, hapo hapana budi kutafuta msaada.

Magonjwa ya akili ni ya namna nyingi. Uko ule uitwao sonona, ambao mtu hukosa furaha hata katika mambo aliyoyapenda, akajiona hana thamani. Uko wasiwasi uliozidi kiasi, ambao mtu huogopa pasipo jambo la kuogopesha. Yako na magonjwa mazito zaidi, kama skizofrenia, ambayo mgonjwa huweza kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii. Watu wengi wasikiapo maneno haya, ugonjwa wa akili, hufikiri mara moja juu ya mtu atembeaye sokoni amevaa matambara na kusema peke yake. Lakini huyo ni mmoja tu. Wagonjwa wengi wamevaa sare safi, na huitika majina yao yaitwapo asubuhi. Shirika la Afya Ulimwenguni limekadiria kwamba katika vijana wa miaka 10 hadi 19, mmoja kati ya kila saba ana tatizo la afya ya akili. Tukiipeleka hesabu hiyo katika darasa la wanafunzi 42, tutapata wanafunzi 6.

SABABU ZAKE

Ili tufahamu jambo hili, tutazame kwanza jinsi mwili ulivyoumbwa kukabili hatari. Tuseme mchungaji wa Meatu yuko karibu na Pori la Akiba la Maswa, naye amkuta nyati ghafula. Mara hiyo ubongo wake hupiga baragumu ya hatari. Homoni ziitwazo adrenalini na kotisoli humwagwa katika damu, moyo huenda mbio, pumzi huongezeka, misuli hukaza, na njaa hupotea. Yote hayo humsaidia kukimbia. Nyati akiisha kwenda zake, mwili hutulia, na mchungaji huyo jioni atakula ugali wake vizuri.

Sasa, yako mambo ambayo hayaendi zake kama nyati. Deni la nyumbani haliondoki jioni. Mtihani wa taifa wa mwezi wa Novemba hauondoki mwezi wa Machi, wala Juni, wala Septemba. Kutukanwa na kutengwa na wenzako bwenini hakuondoki maadamu mnalala chumba kimoja. Baragumu ikilia mchana na usiku, mwili huchoka. Kichwa huuma, tumbo husokota, usingizi hukimbia, na akili hushindwa kushika hata mambo mepesi. Ndiyo maana mtu aweza kwenda zahanati mara tatu kwa maumivu ya kichwa, akapimwa malaria, asionekane nayo, na bado akawa mgonjwa kweli.

Tena ugonjwa wa akili hauletwi na jambo moja. Wengine hurithi udhaifu huo katika ukoo, kama wengine wanavyorithi kisukari. Wengine hupatwa baada ya msiba, au kupigwa, au kutendewa ubaya utotoni. Umaskini na njaa huchangia. Bangi na pombe huharibu sana, hasa kwa kijana ambaye ubongo wake bado wakua. Si dhambi ya mtu wala si uvivu wake.

Katika mkoa wetu wa Simiyu iko sababu nyingine ambayo wengi wetu twaifahamu. Sisi ni watoto wa wakulima wa pamba na wafugaji. Mvua ikikatika, au bei ikianguka, nyumba nzima huona uchungu, na mtoto aliye bwenini huona uchungu huo mara mbili, kwa sababu yuko mbali na hawezi kusaidia. Hujisemea, mimi nala shuleni, wadogo zangu wala nini? Binti aweza pia kuogopa kwamba akianguka mtihani ataozwa. Mawazo hayo hatuyaandiki katika daftari lolote, lakini twaingia nayo darasani kila siku.

HABARI ZA MWENZETU MMOJA

Mwenzetu mmoja wa bweni amenipa ruhusa kueleza yaliyompata mwaka huu, ila nisimtaje jina. Nayaeleza kwa sababu yanafundisha kuliko maneno yangu.

Mwenzetu huyo ndiye wa kwanza katika ukoo wao kufika Kidato cha Nne. Baba yake aliuza ng'ombe wawili ili apate fedha za godoro, vitabu, na mahitaji ya bweni. Kila likizo baba alimwambia, "Mwanangu, ng'ombe wale ni wewe sasa." Baba hakuwa na nia mbaya. Alitaka kumtia moyo. Lakini mtoto aliyachukua maneno yale akarudi nayo shuleni, na kila alipofumba macho usiku aliyasikia.

Alianza kusoma kwa tochi ndani ya blanketi hata saa nane usiku, na kengele ya kuamka yalia saa kumi na moja alfajiri. Basi alikuwa akilala saa tatu tu. Katika mtihani wa majaribio alama zake zilishuka. Akaongeza kusoma, akapunguza kulala, na alama zikashuka tena. Kichwa kikamwuma. Alikwenda zahanati, akapimwa malaria, haikuwako, akapewa dawa ya kichwa. Baada ya hapo akaacha kula nasi karanga jioni, akaacha kwaya, na sahani yake ya ugali ikawa yarudi jikoni karibu nzima. Bwenini maneno yakazuka. Wako waliosema amerogwa. Wako waliosema ni mvivu na anatafuta kisingizio kabla ya mtihani. Wengine walisema anadeka.

Aliyetambua ni matroni. Siku moja jioni walikuwa bombani wakiteka maji. Matroni hakumwuliza, "Kwa nini husomi?" wala, "Una nini wewe siku hizi?" Alimwuliza, "Mwanangu, usingizi unaupata?" Mwenzetu alilia kabla hajajibu. Kisha akasema yote, mpaka habari za ng'ombe.

Matroni alimweleza Mwalimu Mkuu, na mama akapigiwa simu. Mwenzetu akapelekwa hospitali. Mganga alimsikiliza muda mrefu, akamweleza kwamba ana sonona, ya kwamba ugonjwa huo una tiba, na ya kwamba yeye si wa kwanza wala hatakuwa wa mwisho. Yeye hakuhitaji vidonge, ingawa wako wanaovihitaji, na vidonge hivyo huwafaa. Aliagizwa aende kuzungumza na mganga kila wiki, alale kengele ya usiku iliapo, na arudi katika kwaya. Baba naye aliitwa. Alipokwisha kusikiliza, alikaa kimya, halafu akamwambia bintiye, "Ng'ombe huzaliwa wengine."

Leo mwenzetu yuko darasani. Alama zake hazijawa za kwanza, lakini zapanda, naye anakula, analala, na anaimba. Natumaini msomaji ameona jambo moja hapa. Dawa ya kwanza haikutoka katika duka la dawa. Ilikuwa ni mtu mmoja kuuliza swali la kweli, na mtu mwingine kujibu kweli.

TIBA ZA ZAMANI NA ZA SASA

Mwenzetu alitibiwa huku akilala bwenini mwake na kuonana na mama yake. Haikuwa hivyo siku zote. Katika nchi yetu hospitali ya kwanza ya wagonjwa wa akili ilikuwa Lutindi, katika milima ya Usambara, ambako wamisionari wa Kijerumani walianza kuwapokea wagonjwa hao mwaka 1904. Baadaye, wakati wa Waingereza, hospitali ya Mirembe ilifunguliwa Dodoma mwaka 1927, nayo hata leo ndiyo hospitali kuu ya taifa kwa magonjwa ya akili. Hospitali hizo zimefanya kazi kubwa. Lakini fikirini mgonjwa wa zamani aliyetolewa huku kwetu akapelekwa Dodoma. Aliachana na lugha ya nyumbani, na ndugu, na mifugo, na kila kitu alichokijua. Aliporudi kijijini watu walimwogopa.

Mwafrika mmoja alilitazama jambo hili kwa jicho jipya. Alikuwa Dakta Thomas Adeoye Lambo wa Nigeria. Mwaka 1954, huko Aro karibu na Abeokuta, alianza mpango ambao wagonjwa walikaa katika nyumba za vijiji vya jirani pamoja na ndugu zao, wakaenda hospitali mchana kupata tiba, na kushiriki kazi na maisha ya kijiji. Alionyesha kwamba mgonjwa wa akili hupona vema akiwa kati ya watu, na mataifa mengi yakajifunza kwake. Hapa Tanzania nako kulianzishwa vijiji vya namna hiyo, kama Hombolo katika Dodoma, ambako wagonjwa hulima na kujizoeza maisha ya kawaida.

Siku hizi mgonjwa hana haja ya kuanza safari ya Dodoma. Aweza kuanzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, akapelekwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa hapa Bariadi, na ikihitajika akapelekwa Bugando, Mwanza. Tena nchi yetu ina Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008, iliyotungwa ili wagonjwa hawa watunzwe na kulindwa. Kumfunga mgonjwa kamba au minyororo, kumpiga ili pepo limtoke, au kumficha katika chumba cha nyuma, ni kumwongezea ugonjwa. Wako wazazi waendao kwanza kwa mganga wa jadi. Sisemi neno baya juu ya wazee wetu, lakini naomba safari hiyo isiwacheleweshe kufika hospitali, maana mficha maradhi kifo humwumbua.

MAMBO YA KUTENDA KILA SIKU

Mkulima mwema wa pamba hangoji mpaka vitumba vianguke chini ndipo aseme kuna funza. Hupita shambani kila mara, akafunua majani na kutazama. Akimwona funza mmoja leo, hana kazi kubwa. Akingoja mwezi mmoja, hana pamba. Nasi yatupasa kuitazama akili yetu vivyo hivyo. Mambo yafuatayo hayana gharama, na kila mwanafunzi aweza kuyatenda.

1. Kulala. Wataalamu wa usingizi husema kijana wa miaka 13 hadi 18 ahitaji saa 8 hadi 10 za usingizi kila siku. Usingizi si kupoteza wakati. Mtu alalapo, ubongo wake huyapanga na kuyahifadhi mambo aliyojifunza mchana. Asomaye usiku kucha ni kama ajazaye maji katika ndoo iliyotoboka.

2. Kucheza na kufanya kazi za mwili. Shirika la Afya Ulimwenguni lashauri vijana wa miaka 5 hadi 17 wapate mazoezi kwa muda wa dakika 60 kila siku. Sisi wa Kidato cha Nne twapenda kuacha mpira na netiboli ili tusome, lakini mwili ukitoka jasho akili hutulia, na usingizi huja wenyewe. Hata kufyeka nyasi na kuteka maji kwafaa.

3. Kula kwa wakati. Usiache uji wa asubuhi ati wawahi kusoma. Ubongo nao hula.

4. Kuigawa kazi. Kitabu kizima cha Bayolojia hutisha. Kurasa nne hazitishi. Andika kila jioni mambo matatu tu utakayoyatenda kesho, uyatende, uyafute. Mzigo ulioandikwa ni mwepesi kuliko mzigo unaozunguka kichwani.

5. Kukaa na watu. Wazee wetu Wasukuma walilijua jambo hili kabla ya vitabu. Baada ya mavuno, vyama vya Bagika na Bagalu hushindana kucheza ngoma, na watu hukusanyika kwa siku nyingi kutazama. Baada ya jasho la kulima hutakiwa kicheko. Nasi tusiache kwaya, ngoma, michezo ya kuigiza, wala karanga za jioni. Mwenye dini na asali pamoja na wenzake, kwani wengi hupata utulivu humo.

6. Kuepuka bangi na pombe. Atumiaye vitu hivi ili asahau taabu huamka kesho yake na taabu zile zile, na moja ya kuongeza. Wakati wa likizo tuangalie na simu pia. Kukesha ukitazama maisha ya wengine, ambao huonyesha furaha zao na kuficha machozi yao, humfanya mtu ajione mnyonge bure.

7. Kusema mapema. Hili ndilo kubwa kuliko yote. Huku kwetu watu husalimiana kwa Kisukuma, "Mwangaluka," kisha mmoja huuliza, "Mhola?" na mwenzake hujibu, "Mhola duhu," yaani salama tu. Salamu hiyo ni nzuri, nami siombi iachwe. Lakini mara nyingi twasema "Mhola duhu" huku moyo wawaka moto. Basi kila mmoja wetu awe na mtu mmoja, walau mmoja, ambaye akimwuliza atamjibu kweli. Awe rafiki, au dada, au mwalimu, au shangazi. Aliye mtoto, yaani hajatimiza miaka 18, aweza pia kupiga simu namba 116, ambayo ni ya kusaidia watoto nchini, na simu hiyo hailipiwi.

JINSI YA KUMSIKILIZA MWENZAKO

Si wote wajuao kusikiliza. Mwenzako akikufungulia moyo, usicheke, wala usimwambie habari zako zilizo mbaya kuliko zake. Usimhubirie upesi, wala usiseme, "Jikaze." Angekuwa na uwezo wa kujikaza angekwisha kujikaza. Kaa naye, msikilize mpaka mwisho, mwulize, "Wataka nikusaidie nini?" Siri zake usizitangaze bwenini.

Lakini iko siri moja isiyofichwa. Mwenzako akisema hataki kuishi, au amechoka na dunia, usiahidi kunyamaza. Usidhani anatania. Tena usiogope kumwuliza wazi kama ana mawazo ya kujidhuru. Wataalamu husema kuuliza hakumtii mtu wazo hilo, bali humpa nafasi ya kupumua. Usimwache peke yake, nenda naye siku hiyo hiyo kwa matroni, patroni, au mwalimu. Akikukasirikia leo, atakuwako kesho wa kukusamehe.

BENCHI LA HARARE, NA OMBI LANGU

Huenda mtu akauliza, je, waganga wa akili ni wachache, sisi tutasema na nani? Jibu lake liko Zimbabwe. Mwaka 2006, katika mtaa wa Mbare mjini Harare, Dakta Dixon Chibanda aliona kwamba wagonjwa ni wengi na waganga wa akili katika nchi nzima wahesabika kwa vidole. Hakuwa na fedha wala jengo. Akawachukua bibi wazee 14 waliokuwa wakifanya kazi za afya mtaani, akawafundisha namna ya kusikiliza na kumsaidia mtu kutatua shida zake moja baada ya nyingine. Bibi hao waliketi na wagonjwa katika benchi la mbao nje ya kliniki. Washona wana neno lao, kufungisisa, maana yake kufikiri kupita kiasi. Sisi husema, "Fulani ana mawazo." Ni jambo lile lile.

Wataalamu walilipima benchi hilo kwa wagonjwa 573, na matokeo yakachapishwa mwaka 2016. Baada ya miezi sita, walioketi na bibi wale walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata tiba ya kawaida. Leo benchi la namna hiyo limefika nchi nyingine pia. Jambo la kustaajabisha ni kwamba lilifanywa na wazee wa kawaida waliofundishwa vema, na ubao wa kukalia.

Kwa hiyo, kwa heshima na adabu, nina maombi mawili kwa Mwalimu Mkuu na walimu wetu. La kwanza ni benchi. Chini ya mwarobaini ulio nyuma ya maktaba pana kivuli kizuri, na fundi wetu wa shule ana mbao. Liwekwe benchi moja pale, na mwalimu mmoja au matroni, aliyefundishwa kidogo kazi hiyo na wauguzi wa hospitali, aketi hapo siku mbili kila wiki baada ya vipindi. Ajaye asiulizwe na mtu kwa nini amekwenda.

La pili ni kengele. Taa zetu huzimwa saa nne na nusu usiku, na kengele ya kuamka hulia saa kumi na moja alfajiri. Ni saa sita na nusu, hata kwa mwanafunzi mtiifu asiye na tochi. Najua kazi ni nyingi na mtihani ni mmoja. Lakini tukipata walau saa moja zaidi, nasadiki tutasoma kwa muda mfupi na kushika zaidi, na wale wanaosinzia katika kipindi cha kwanza watapungua. Naomba jambo hili lijaribiwe kwa muhula mmoja, kisha alama zitazamwe.

NENO KWA WAZAZI

Wazazi wetu wapenzi, sisi twajua mnavyotaabika. Twaijua bei ya pamba, na twajua idadi ya ng'ombe walioko zizini na waliokwisha kutoka. Hatuhitaji kukumbushwa; twakumbuka usiku na mchana. Mtupigiapo simu kupitia kwa mwalimu, tuulizeni habari za alama, ni haki yenu. Lakini kabla ya alama tuulizeni, "Umelalaje? Unakula?" Na mtoto akirudi nyumbani amenyamaza kuliko alivyoondoka, msiseme mara moja ana kiburi cha shule. Huenda ana jambo ambalo hajui alianzeje.

Na ninyi wenzangu wa mabwenini yote, usipoziba ufa utajenga ukuta. Jioni hii, kabla ya kengele, mtazameni aliye kitanda cha pili. Kama sahani yake yarudi imejaa, kama ameacha kucheka, msimwite mvivu. Mwulizeni kama usingizi anaupata, kisha mngojeni ajibu.